Kapteni wa Boma la Iringa

Jina Iringa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Oktoba 1894 Wajerumani waliivunja kwa mizinga Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Miaka miwili baadaye Kapteni Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, akafungua kituo cha jeshi jirani na hapo. Hakupewa kikosi tu. Alikabidhiwa Uhehe wote autawale.

Hapo ndipo mzizi wa uonevu ulipo. Aliyeongoza vita ndiye aliyekaa barazani kusikiliza mashauri ya ng'ombe na mashamba, na ndiye aliyedai kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898. Aliyepatikana na kosa alilazwa chini akachapwa hamsa ishirini, viboko 25, msemo uliobaki midomoni mwa wazee hata Wajerumani walipokwisha kuondoka. Na aliyeonewa na kapteni angemshtaki kwa nani, ikiwa hakimu ni kapteni huyo huyo?

Tazama yaliyompata Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Desemba 1896 Prince alimtawaza awe mtawala wa Wahehe chini ya bendera ya Ujerumani. Februari 1897 akamnyonga, kwa shutuma kwamba anamsaidia kaka yake aliyekuwa porini. Mkono uliomvika utawala ndio uliomvika kitanzi, na haukupita hata msimu mmoja wa mvua. Mkwawa mwenyewe, akiwa ametangaziwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake, alijipiga risasi Julai 1898.

Iringa haikuwa peke yake. Tangu 1893 hadi 1906 magavana wote wa koloni, Schele, Wissmann, Liebert na Götzen, walikuwa wanajeshi. Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, Götzen aliijibu kijeshi: vijiji na maghala ya nafaka yakachomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Huko Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao.

Ndipo Berlin ikamleta gavana raia, Albrecht von Rechenberg. Lakini vita vya 1914 vilizikuta Iringa na Mahenge zingali mikononi mwa maofisa wa jeshi, miaka 18 tangu Prince afungue kituo chake.