Wenye maduka wanavyojitoza ada ili kuboresha mitaa yao

KIDOLE kimoja hakivunji chawa, na mwenye duka mmoja hawezi kuangaza mtaa mzima. Lakini mchango wa hiari una kasoro yake: asiyetoa hata senti hufaidi mwangaza ule ule na waliotoa, na hatimaye waliojitolea nao huchoka.

Ni kasoro hiyo iliyowasukuma wafanyabiashara wa mtaa wa Bloor West Village, jijini Toronto, Canada, kutafuta dawa katika sheria. Katika miaka ya sitini wateja wao walianza kupungua. Reli mpya ya chini ya ardhi iliwapitisha watu chini ya maduka yao, huku majengo makubwa ya biashara yakiwavutia wanunuzi kwingineko. Wakaomba sheria ya kumlazimu kila mmoja wao kulipa. Mkoa wa Ontario ulikubali, na mwaka wa 1970 mtaa huo ukawa wa kwanza duniani kuendeshwa kwa mpango huu.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mipaka ya eneo huwekwa, na baraza la jiji hukusanya ada pamoja na kodi ya kawaida ya majengo. Kisha fedha hizo hurudishwa kwa bodi ya eneo hilo, ambayo huzitumia kwa taa, viti, miti, usafi na ulinzi.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka wa 2003 inataka walipaji wapige kura kwanza. Mpango hupita iwapo utaungwa mkono na zaidi ya nusu ya waliopiga kura, na ikiwa thamani ya majengo ya wanaounga mkono ni zaidi ya nusu ya thamani ya majengo ya wapigaji kura wote. Baada ya miaka isiyozidi mitano, lazima kura ipigwe upya.

Barani Afrika, katikati mwa jiji la Cape Town kumekuwa na eneo la aina hii tangu mwaka wa 2000.

Hata hivyo, mpango huu una wakosoaji. Wapangaji hulalamika kwamba mwenye jengo huwatwika ada hiyo kupitia kodi ya nyumba. Wachuuzi na watu wasio na makao, ambao hawana kura, huhofia kufurushwa kwa jina la usafi.

Jijini Nairobi, chama cha wafanyabiashara wa katikati ya jiji, NCBDA, kilichoundwa mwaka wa 1997, kilikuwa cha hiari. Kuigeuza michango kuwa kodi ya lazima kungehitaji sheria, kwani Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali, kodi ya burudani na nyingine zilizoidhinishwa na Bunge pekee.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza taa zitagharimu kiasi gani, yafaa kuuliza nani atalipa, na nani atakuwa na kura.