Sindano Tano za Yambuku



Katika vikundi vyetu vya hapa Kamanyola kuna swali linalorudi kila kituo cha afya kinapotangaza upimaji wa damu, na hurudi tena wachumba wanaposhauriwa kupima kabla ya ndoa: je, sindano hiyo ni salama? Wapo wanaomcheka anayeuliza na kumwita mwoga. Sisi tunaona kwamba swali hilo ni la haki, kwa maana lina historia, na sehemu nzito ya historia hiyo ilitukia katika nchi yetu wenyewe, tena katika hospitali ya misioni.

Yambuku iko kaskazini mwa Kongo, katika eneo la Bumba. Hospitali yake ilianzishwa na wamisionari Wabelgiji mwaka 1935. Mwaka 1976, nchi ikiitwa Zaire, ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu 17, kati yao masista watatu wauguzi, daktari hakuwepo. Kila mwezi maelfu ya wagonjwa walifika, wengine wakitembea mwendo mrefu msituni, kwa sababu palikuwa na dawa.

Tarehe 26 Agosti mwaka huo, mwalimu wa shule ya misioni mwenye umri wa miaka 44 alifika akiwa na homa. Ilidhaniwa ni malaria, akadungwa sindano ya klorokini. Homa ilishuka, kisha ikarudi kwa ukali, akaanza kutokwa damu, na tarehe 8 Septemba akafariki. Katika siku hizo hizo walianza kuugua watu wengine waliokuwa wamepita katika hospitali hiyo hiyo.

Wachunguzi walipofika baadaye, waliuliza jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika. Walielezwa kwamba kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa sindano tano na mabomba yake matano. Hizo ndizo zilizotumika kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa na kwa akina mama wajawazito. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine zilisuuzwa tu katika chombo cha maji ya vuguvugu. Kuchemshwa kulingoja jioni, na si kila siku. Maji ya namna hiyo huondoa damu inayoonekana kwa macho, lakini virusi hubaki ndani ya tundu la sindano.

Hesabu yake inaumiza. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Kati ya wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilichunguzwa, 85 walikuwa wamedungwa sindano hospitalini hapo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kwa sindano peke yake aliyepona. Wanawake vijana waliumia zaidi, kwa kuwa wengi wao walihudhuria kliniki ya wajawazito na kudungwa huko. Wahudumu nao hawakusalimika: 11 kati ya wale 17 walifariki, na tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa. Kufungwa huko kulisaidia sana kuukata ugonjwa. Wazee wa vijiji nao, wakikumbuka desturi za wakati wa ndui, walifunga njia na kuwatenga wagonjwa. Kifo cha mwisho kilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola, ili jina la Yambuku lisibaki aibu kwa wakazi wake.

Tusiwahukumu upesi masista wale. Waliwahudumia maskini kwa vifaa vya kimaskini, na baadhi yao walikufa pamoja na wagonjwa wao. Lakini tujifunze jinsi hatari ilivyojengeka. Vifaa vilikuwa vichache, na watu walikuwa wengi. Zaidi ya hayo, sindano ilikuwa imependwa kupita kiasi. Tangu kampeni za kutibu buba, ambapo vidonda vya muda mrefu vilikauka baada ya kudungwa, watu katika sehemu nyingi za Afrika waliamini kwamba dawa ya kweli ni ile inayopita katika sindano. Klorokini ilikuwepo pia kwa vidonge. Hata leo wapo kati yetu wanaotoka kwa muuguzi wakinung'unika kwa sababu wamepewa vidonge tu.

Kuna upande wa pili, na bila huo tungewafundisha woga mtupu. Ugonjwa wa Yambuku ulijulikana kwa sababu kuna waliokubali kutolewa damu, na kuna aliyekubali kuitoa. Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyetumwa kutoka Kinshasa, alichukua damu za wagonjwa bila glavu. Amesimulia kwamba alipochomoa sindano, damu iliendelea kutiririka mahali pa tundu na kumchafua mikono. Akanawa kwa maji na sabuni. Alimshawishi sista mmoja mgonjwa asafiri naye hadi Kinshasa, na damu iliyochukuliwa huko ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Humo ndimo virusi vipya vilimoonekana.

Mwaka 1995 Ebola iliibuka Kikwit. Miaka kumi na mmoja baadaye, mmoja wa walionusurika huko alikubali kutolewa damu, na ndani yake zikapatikana kinga zilizokuwa bado hai. Kutokana nazo ilitengenezwa dawa iitwayo mAb114, ambayo ilijaribiwa Beni, Butembo na jirani zake kuanzia mwaka 2018. Matokeo yalitangazwa Agosti 2019, mwezi ule ule Ebola ilipofika Mwenga, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa hiyo, walikufa kama 35. Bila tiba, Yambuku ilipoteza 88 katika kila 100. Mkono mmoja ulionyooshwa Kikwit umewafaa watu ambao mwenye mkono hatawajua kamwe.

Basi, vijana, tufanyeje? Tukapime, na tukapime tukiwa na macho. Sindano na bomba vitoke katika pakiti iliyofungwa, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Muuguzi anawe mikono na avae glavu mpya kwa kila mtu. Ngozi isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke. Sindano ikishatumika iingie mara moja katika sanduku la vitu vyenye ncha kali, bila kurudishiwa kifuniko, kwa maana hapo ndipo muuguzi mwenyewe hujichoma. Akijichoma kwa sindano ya mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI, hatari ya kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini ya aina B, ikiwa hakuchanjwa, inaweza kufikia 30 katika 100. Usalama wa sindano ni wake kama ulivyo wako.

Ukiwa na shaka, uliza kwa heshima: "Muganga, tafadhali, naomba kuona pakiti." Muuguzi mwema hakasiriki kwa ombi hilo. Na wewe unayesoma uuguzi, ambaye kesho utakabidhiwa trei ya asubuhi, siku utakapoona wagonjwa ni wengi kuliko sindano, sema wazi mbele ya wakubwa wako kwamba hazitoshi, na usimdunge mtu yeyote kwa ile iliyokwisha kutumika.