Pasi ya Idara ya Sayansikimu

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwahi kuletewa kesi ya mwanachuo aliyeharibu pasi ya idara ya sayansikimu. Uso wake ulikuwa umegandwa na karatasi iliyoungua. Nilimwamuru ailipe kutoka katika posho yake. Sikumwuliza alikuwa akipiga pasi kitu gani.

Nilipostaafu ndipo nilipopata wasaa wa kusoma habari za mashine za kunakili. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa ili lipate chaji ya umeme. Wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, kisha wakamulika kwa taa. Chaji ilibaki penye kivuli cha maandishi tu, na unga laini wa mmea walioumwagia ukashika hapo hapo. Carlson akakandamiza karatasi ya nta juu ya unga ule, akaipasha moto, maandishi yakahamia kwenye karatasi. Makampuni zaidi ya ishirini yaliukataa uvumbuzi huo. Hata mashine ya Xerox 914 ilipotoka mwaka 1959, iliuzwa pamoja na kizimamoto, maana karatasi ikikwama penye joto huweza kuwaka!

Basi mwanachuo wangu alikuwa akirudia kazi ya Astoria. Mwaka juzi alinitembelea, naye sasa ni mwalimu wa fizikia, akanionyesha sebuleni kwangu. Njia za saketi huchorwa kinyumenyume, zikanakiliwa kwa mashine kwenye karatasi ya kung'aa. Wino wenyewe ni unga wa plastiki na rangi nyeusi. Kibao cha shaba husuguliwa mpaka mafuta ya vidole yaishe, karatasi ikalazwa juu yake kifudifudi, pasi ikafuata. Joto huyeyusha plastiki, mkandamizo huishikamanisha na shaba. Shaba hunyonya joto upesi, kwa hiyo haraka haifai. Lakini ukizidisha moto, au mkono ukiteleza, mistari huvimba na kugusana, na saketi imeharibika. Kibao kikipoa hulowekwa majini, karatasi ikafikichwa kwa kidole. Mwisho hutiwa katika dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa na wino.

Nilimwomba radhi kwa kesi ile ya zamani. Akacheka. "Mwalimu, hata mimi nilikosa. Nilipandisha moto mno."

Nilitaka kumrudishia fedha yake, akakataa katakata. Aliomba jambo moja tu: nimpe ile pasi yangu nzito ya zamani, kwa sababu haina matundu ya mvuke, na penye tundu wino haukandamizwi sawasawa.