Diski na Msomaji Wake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuongeza kwamba daftari nalo huweza kuwapo, zima kabisa, pasipo mtu wa kulisoma. Historia ya kompyuta za zamani yaonyesha jambo hilo, na uwanda wa Ufipa ulilionyesha kabla yake.

Huko Ufipa yamesalia matanuri marefu ya udongo yaliyoyeyusha mawe ya chuma. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20. Kuta zingaliko, lakini kuta peke yake hazitoi chuma. Elimu ilikaa kwa fundi.

Mwaka 1974, mwaka ule ule ulioundwa mkoa wa Rukwa, ambao makao yake ni Sumbawanga, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Ng'ambo kazi iliendelea. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ya Marekani ilitoa diski ya ST-506, iliyobeba herufi milioni 5. Mwaka 1983 IBM ilitia diski ya herufi milioni 10 katika kompyuta yake ya XT.

Diski hizo zilikuwa sahani za alumini zilizopakwa oksidi ya chuma, kitu cha ukoo mmoja na mawe yale ya Ufipa. Zilijua kuzunguka na kusogeza kichwa cha kusomea, basi. Elimu ilikaa mbali nazo, katika kadi iliyoitwa kidhibiti. Nyaya mbili bapa ziliwaunganisha: mmoja wa njia 34 ulipeleka amri, wa pili wa njia 20 ulipitisha habari. Kidhibiti ndicho kilichofasiri mabadiliko ya sumaku yakawa herufi, kikagawa kila duara la sahani mafungu 17 ya herufi 512, na kukagua makosa. Lakini kila mtengenezaji alikuwa na desturi yake. Kadi ilipoungua, diski isiyo na dosari iliweza kuwa bubu mbele ya kadi ya kampuni nyingine.

Ndipo katika miaka ya 1980 Compaq na Western Digital walipokihamishia kidhibiti juu ya diski yenyewe. Waya ukawa mmoja, wa njia 40, na mpango huo ukaitwa IDE. Mwaka 1994 ukawekewa kanuni rasmi. Tangu hapo diski ilisafiri pamoja na msomaji wake.

Hata hivyo msomaji huyo naye hufa. Atunzaye kumbukumbu za ardhi, za shule au za mahakama, Sumbawanga au kwingineko, hana budi kuzihamisha angali yupo wa kuzisoma. Asipofanya hivyo, atawarithisha wajukuu tanuri lililosimama wima, wala hapana ajuaye kuliwasha.