Mchagua jembe si mkulima?

Juma lililopita mpwa wangu alinijia nyumbani na fomu ya mkopo. Ni seremala kijana, mwaka wa pili sasa tangu amalize chuo. Anataka randa na msumeno wa umeme, na dhamana aliyoipata ni kiwanja cha mama yake, dada yangu.

"Mjomba," akaniambia, "siku hizi bila mashine hakuna useremala. Naomba uwe mdhamini, utie sahihi."

Nilimwomba siku saba nifikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri.

Katika karne ya kwanza, baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki habari za biashara ya Bahari ya Hindi. Alivitaja vyombo vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba, na bandari ya Rhapta iliyopata jina lake kutokana na ushonaji huo. Mtepe wa Waswahili, ulioonekana baharini hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa namna hiyo. Mbao zake zilifungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, bila msumari. Fundi wake alikuwa na shoka, tezo, na keke ya kuzungushwa kwa uta. Vifaa vichache, lakini tundu likienda kombo, maji yanaingia na watu wanazama.

Sultani Barghash alipojenga Beit al Ajaib huko Zanzibar mwaka 1883, milango yake ilinakshiwa kwa patasi. Keke ya umeme ya kushika mkononi ilikuwa bado. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1895. Hadi leo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuitazama milango ya Mji Mkongwe, na hakuna anayeuliza bei ya patasi iliyoichonga.

Hata hivyo, tusiwadanganye vijana. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini jembe butu nalo humchosha mkulima kabla ya jua kupanda. Patasi ya chuma laini, inayopoteza makali kila saa, ni hasara hata ukiipata kwa bei ya kutupa. Na mwenye oda ya madawati 100 hawezi kuyaranda yote kwa mkono akayamaliza kwa wakati. Mashine hununua muda. Jicho la kipimo na mkono uliotulia, hivyo hainunui.

Basi Jumapili nilimjibu. Anunue patasi mbili nzuri na jiwe la kunolea. Mbao nyingi azipeleke kwenye karakana ya jirani, zipigwe randa kwa malipo, kama wafanyavyo maseremala wengi. Kila shilingi anayolipa huko aiandike daftarini kwa miezi sita. Siku malipo hayo yatakapozidi rejesho la mkopo kwa mwezi, mashine itakuwa imejidai yenyewe, nami nitatia sahihi kwa dhamana ya mshahara wangu. Kiwanja cha dada kibaki kiwanja cha dada.

Aliondoka bila kumaliza chai yake. Lakini jana dada amenipigia simu. Anasema kijana amenunua daftari.