Matakwa ya Mfalme juu ya Ardhi ya Kibra

Mpangaji wa Mashimoni, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, humlipa landlodi wake kila mwezi. Landlodi mwenyewe ana kuta na mabati tu. Hati ya ardhi hana. Hali hii ina historia ndefu, na katikati yake limekaa neno moja la Kiingereza: will.

Darasani neno hilo hufanya kazi ya kiambishi chetu -ta-: nitajenga, atarithi. Mahakamani ni nomino yenye maana mbili, matakwa ya mtu na wosia anaouacha. Kibera ilionja zote tatu.

Wanubi walifika pale kama askari. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Lugard aliwaingiza katika utumishi wa Waingereza masalia wa jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria, wenye asili ya Sudan, na vizazi vyao vikatumika katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni. Kuanzia 1904 walipewa makao katika msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi. Wakauita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Askari aliyestaafu hakupata pensheni; alipata pasi ya shamba, akajenga, akalima, akazika wazee wake. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Familia zile ziliisoma pasi kama ahadi ya siku zijazo, na sioni zingeisomaje vingine baada ya utumishi wa namna ile.

Mwaka 1928 jeshi lilikabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia. Miaka mitano baadaye Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ikatoa kauli yake: Wanubi ni wapangaji kwa matakwa ya Mfalme wa Uingereza. Tume ilikiri kwamba Serikali ina wajibu wa kuwarudisha walikotoka au kuwatafutia mahali pa kukaa, lakini kauli iliyodumu ni ile ya kwanza.

Uzito wake unaonekana katika sheria ya Uingereza. Upangaji wa namna hiyo hukoma mwenye ardhi anapotaka, na hukoma mmoja wao anapofariki. Kwa hiyo mpangaji hana kiwanja cha kumwandikia mwanawe. Matakwa ya mmoja yalifuta wosia wa mwingine, na hapo ndipo dhuluma ilipoanzia: askari aliyepigana vita vya Mfalme alikufa bila cha kurithisha kisheria, ingawa nyumba ilisimama na wajukuu walikuwa ndani yake.

Nyumba zikaongezewa vyumba, wageni waliotafuta kazi jijini wakapanga. Uhuru ulipokuja 1963, nafasi ya Mfalme ilichukuliwa na Serikali ya Kenya, na ardhi ikabaki ya umma. Waliokuja baadaye walijenga kwa ruhusa ya chifu, nayo haikuwa hati. Ruhusa hiyo haikuwa kinga: Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule za Kibera ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata.

Wanubi walikuwa wameipeleka kesi yao mbali. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao, ikiwemo haki ya mali. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288. Imeandikwa kwa jina la jamii, kwa hiyo kifo cha mtu mmoja hakiifuti. Mpangaji asiye Mnubi haimhusu. Yeye bado anamtegemea landlodi, na landlodi anaitegemea Serikali.