Maji ya Korona na Choo cha Bwana Afya: Shutuma ya Uchafu katika Rudewa na Nchi ya Mkonge ya Kilosa

Tafiti nyingi kuhusu mitazamo ya wakazi juu ya usafi wa mazingira huanza na hojaji. Mkazi huulizwa kama ana choo, kama huchemsha maji ya kunywa, na mahali anapotupa taka zake. Majibu hupangwa kwa asilimia, na mtafiti huhitimisha kwamba wakazi wana uelewa wa kutosha au hawana. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini huacha nje swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa: ni nani, katika kila kipindi, aliyekuwa na mamlaka ya kumwita mwenzake mchafu? Makala haya yanalitazama swali hilo katika Rudewa, kata iliyoko kaskazini mwa mji wa Kilosa, kando ya barabara iendayo Dumila, na katika mashamba ya mkonge yaliyoizunguka. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shutuma ya uchafu katika nchi hii imekuwa ikiteremka kama maji yenyewe: imemfuata daima yule aliye chini.

Inafaa kuanza na lugha, kwa kuwa ndimo mitazamo inamohifadhiwa kwa muda mrefu zaidi. Katika Kiswahili, neno *taka* na neno *uchafu* hayana uzito sawa. Taka ni masalio ya kazi. Kila anayepika, anayelima au anayechonga huacha taka, na hakuna aibu ndani yake. Uchafu ni hali, na anayeitwa mchafu ameguswa utu wake. Liko pia neno *najisi*, lenye kanuni zake. Katika fikihi ya Kiislamu, dini yenye wafuasi wengi katika nyanda za Kilosa, maji mengi hubaki tohara mpaka najisi iyabadilishe rangi, harufu au ladha. Na hata maji yaliyobadilishwa mno na kitu kisicho najisi hayafai tena kutawadhia. Kipimo hiki ni cha macho, pua na ulimi. Hakihitaji maabara. Kwa hiyo dhana kwamba wakazi walisubiri kufundishwa na serikali namna ya kutofautisha maji safi na machafu haina msingi. Jambo lililokosekana ni mahali pa kulipeleka lalamiko, na kukosekana huko ndiko kunakohitaji maelezo.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakt. Richard Hindorf, na simulizi inayofahamika ya kuletwa kwake ni ya miche 62 iliyonusurika safarini kati ya 1,000. Kutokana na miche hiyo ilikua biashara ambayo kufikia mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka. Ukanda wa Tanga ulitangulia, lakini Kilosa nayo, yenye reli ya kati na ardhi tambarare chini ya milima ya Ukaguru na Usagara, iligeuka nchi ya mkonge. Historia za uchumi huziandika tani hizo za nyuzi kwa uangalifu mkubwa. Ni nadra kuandika kile kilichobaki baada ya nyuzi kutolewa, na hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Majani ya mkonge hulishwa kwenye mashine iitwayo korona, ambayo huyaponda na kuyakwangua huku yakimwagiwa maji mengi. Nyuzi zinazopatikana ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Hivyo, kwa kila tani 100 za majani zilizoingia korona, takribani tani 96 zilitoka kama rojo la kijani na utomvu unaowasha ngozi, pamoja na maji yote yaliyotumika. Rojo hilo likioza ndani ya maji hula hewa wanayoihitaji samaki, na harufu yake hufika mbali. Njia rahisi ya kuliondoa ilikuwa mfereji, na mfereji uliishia bondeni.

Shamba kubwa la mkonge lilikuwa pia makazi. Manamba, jina lililotokana na namba walizoandikishwa, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, hasa baada ya ofisi ya waajiri ya kuandikisha vibarua, SILABU, kuanzishwa mwaka 1944. Walipangwa katika kambi, wakapewa posho, na kazi yao ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30. Katika maandishi ya watawala, kambi ilizungumzwa kama chimbuko la maradhi: safura, kichocho, kuhara damu. Maradhi yalikuwepo kweli. Ila sababu yake ilitafutwa zaidi katika tabia za vibarua kuliko katika idadi ya watu waliolazwa chumba kimoja au umbali wa bomba kutoka kambini. Fikra hiyo haikuzaliwa shambani. Huko Dar es Salaam, kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, na baadaye mgawanyo wa Waingereza wa mji katika kanda tatu, zilitumia hoja ya afya kutenga Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Duka la Mhindi na kibanda cha Mwafrika vilielezwa kuwa hatari kwa pumzi ya Mzungu. Majina hayo matatu yangali katika vinywa vya watu, ingawa wengi wanaoyatamka leo hawakumbuki kwamba yalianza kama ramani ya nani anamchafulia nani hewa.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika sheria. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi, chini ya usimamizi wa serikali, uwezo wa kutoa amri juu ya mambo mengi ya kila siku, na miongoni mwake lilikuwa kuzuia uchafuzi wa maji ya mito na visima. Kwa kuitazama peke yake, ni sheria ya busara. Lakini amri hizo ziliwafunga wenyeji tu. Mamlaka ya mwenyeji yangeweza kumwadhibu mwanamke aliyefua nguo kwenye chanzo cha maji. Juu ya mfereji wa korona ya mlowezi hayakuwa na kauli yoyote. Maji yalikuwa yale yale, bonde lile lile. Kilichotofautiana ni ngozi ya aliyeyachafua.

Uhuru ulibadilisha mengi, ila si mpangilio huo. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge nchini. Miaka sita baadaye ikaja kampeni ya *Mtu ni Afya*, ambayo ingali mojawapo ya juhudi kubwa kabisa za elimu ya watu wazima zilizowahi kufanyika Afrika. Kwa majuma 12 ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma vitabu vya kampeni, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki. Si haki kuibeza kazi hiyo. Katika masimulizi mengi ya ukoloni, Bwana Afya ni mtu wa kitabu cha faini, na choo kilijengwa ili akione, si ili kitumike. Kampeni ya 1973 ilijaribu kumgeuza mwanakijiji kutoka mtuhumiwa kuwa mwanafunzi, na hata mwalimu. Hata hivyo, mtaala wake ulianzia na kuishia nyumbani. Ulimfundisha mama kuchemsha maji, haukumwambia aulize maji hayo yamepitia wapi kabla ya kufika kwenye ndoo. Na ikumbukwe kwamba serikali iliyofundisha redioni ndiyo iliyokuwa sasa mmiliki wa korona nyingi. Mwalimu alikuwa na taka zake bondeni.

Katika miaka hiyo hiyo, Operesheni Vijiji ilisogeza kaya pamoja. Choo ambacho hakikuwa na umuhimu mkubwa kwa kaya iliyoishi peke yake mbali na jirani kiligeuka suala la uhai pale kaya mia zilipotumia kisima kimoja. Kipindupindu kilipolipuka Rufiji mwishoni mwa mwaka 1977 na kusambaa mikoani, marufuku zilizofuata ziliwaangukia wauza vyakula, vilabu vya pombe na wasafiri. Viwango vya kwanza vya maji taka yanayoruhusiwa kumwagwa mitoni vilikuja kwa marekebisho ya mwaka 1981 ya Sheria ya Maji ya 1974. Kufikia wakati huo bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuporomoka kwa ushindani wa nyuzi za plastiki, na katika miaka ya 1990 uzalishaji wa taifa zima ulikuwa chini ya tani 40,000. Mito ya nchi ya mkonge ilisafishwa na soko kabla sheria haijajifunza kuisafisha.

Mashamba yalipodorora, shutuma haikukoma. Ilitafuta mtu mwingine. Neno *mazingira* lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha ya ofisi, na pamoja nalo neno *uchafuzi*, lililo pana kuliko uchafu na lenye nguvu ya kisheria. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika bonde la Usangu kwa hoja ya kunusuru vyanzo vya maji. Wengine walihamishwa Kilosa katika operesheni ya mwanzoni mwa 2009. Ng'ombe kweli hutibua maji na kukanyaga kingo za mito, na mkulima aliyeikuta mifugo katika kisima chake hana haja ya kufundishwa na mtaalamu. Lakini Rudewa ina sababu ya pekee ya kulitumia neno hili kwa tahadhari. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kundi la wafugaji lilipokishambulia, baada ya mvutano wa muda mrefu juu ya mazao yaliyoliwa, malisho na njia za kufika majini. Benjaminsen, Maganga na Abdallah, walioyachunguza mauaji hayo katika makala ya mwaka 2009, waliuona mzizi wake katika sera zilizowabana wafugaji, kupotea kwa malisho ya kiangazi na rushwa iliyowafanya wakulima na wafugaji wote wakate tamaa na vyombo vya haki. Kuuita mgogoro huo wa mazingira tu ni kuufunika. Mashamba makubwa yalikuwa yamekata ardhi nzuri ya bonde kwa miongo mingi. Waliobaki kugombea kingo za mito ni wale wawili ambao hawakuwahi kumiliki korona.

Tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alibadilisha sherehe za Uhuru kuwa siku ya usafi, nchi ikiwa katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwezi Agosti mwaka huo. Picha za rais akizoa taka karibu na Ikulu zilipendwa mno, na Jumamosi ya usafi ikawa desturi ya kila mwezi. Hapa pana mfano wa kulinganisha kutoka India. Jiji la Surat, lenye viwanda vya nguo na vibarua wahamiaji wengi, lilikumbwa na hofu ya tauni mwezi Septemba 1994, na mamia ya maelfu walikimbia. Mwaka uliofuata, chini ya kamishna wa jiji S. R. Rao, maofisa walitakiwa kutoka ofisini kila siku kukagua mitaa, na hoteli za wenye uwezo zikaadhibiwa sawa na vibanda. Ndani ya miaka michache Surat ilihesabiwa miongoni mwa miji safi ya India. Wakazi hawakuwa wamebadilika tabia ghafla. Walichokiona ni mfereji uliozibuliwa na mtu mkubwa aliyetozwa faini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamtaka mchafuzi alipe. Kwa mkazi wa Rudewa, hiyo ni sheria ya kwanza inayomruhusu aelekeze kidole juu ya mto. Huko Hale, mkoani Tanga, rojo la korona lililokuwa likimwagwa lilianza kuozeshwa kwa makusudi katika miaka ya 2000 ili kutoa gesi ya kuzalishia umeme: tani 96 zile zile, zikiwa zimepewa thamani, na kwa hiyo mwenyewe. Kilosa, hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa zimefutwa na ardhi yake kugawiwa wanakijiji. Wamepokea viunga vya mkonge mzee na mifereji iliyokauka, ambayo kila masika hupitisha maji kuelekea kwa jirani wa chini.